Mabao Manne ya Junia

Kila siku ya shule, Junia Tolliver alipanda basi la manjano pale kona ya kanisa la Wabatisti, mkate mkononi, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alikaa kiti cha nne upande wa dirisha, nyuma ya Cody Prewitt, mvulana ambaye Mungu alimpa sauti kubwa akasahau kumpa kazi ya kuifanyia.

Mji wetu wa Tarpley, huko Arkansas, una watu elfu tisa na uwanja wa mpira wenye viti elfu arobaini. Mgeni anayeuliza kwa nini huonekana yeye ndiye mwenye matatizo. Jumamosi ambayo timu ya chuo, Korongo, inacheza nyumbani, hata wagonjwa hupona kwa saa nne. Mpira wenyewe ni ule wenye ncha mbili, unaobebwa na kurushwa kwa mikono. Ukiufikisha kwenye ukanda wa mwisho wa wapinzani, umefunga bao, na bao huleta pointi sita au saba; ukiupiga teke ukapita kati ya milingoti miwili, unapata tatu. Na mtu anayetazamwa kuliko wote ni mrushaji. Yeye ndiye anayepewa mpira kila mara, na ana sekunde tatu tu za kuamua amrushie nani kabla majitu matatu au manne hayajamkalia juu.

Wachezaji wengi hutoka mbali, kwa hiyo kanisa humpa kila mmoja familia ya kula nayo chakula cha mchana Jumapili. Familia ya Cody ilipewa mlinzi mmoja shupavu ambaye picha yake ilitoka gazetini mara sita. Cody alizihesabu. Familia ya Tolliver ilipewa Thaddeus Boykin, kijana mrefu, mwembamba, wa miaka ishirini, aliyesema "asante, Mama Tolliver" mara tatu kwa kila sahani. Kwa miaka miwili Thad hakucheza hata dakika moja. Alisimama kando ya uwanja ameshika karatasi ya mipango ya kocha.

"Vipi mshika karatasi wenu?" Cody alizoea kuuliza. "Jumamosi hakujikata kidole?"

Basi zima lilicheka, na Junia alitazama nje kama mtu anayehesabu nguzo za umeme.

Kisha, Jumatatu moja ya Septemba, mambo yakageuka. Mrushaji wa zamani, aliyetupatia ushindi mara tisa msimu uliopita, alikuwa amekwenda kucheza mpira wa kulipwa. Siku hiyo Kocha Rusk alitangaza mrithi wake. Thaddeus Boykin.

Asubuhi ya Jumanne, Junia alipopanda basi, watu walimpisha. Msichana wa darasa la nane alimwuliza kama Thad anapenda pilipili. Hata Cody aligeuka kitini akapiga magoti.

"Sikia, Junia. Kwani Jumamosi huyu jamaa atafunga mabao mangapi?"

Ukweli ni kwamba Junia alikwisha kumwuliza Thad swali hilohilo Jumapili, naye Thad akala kijiko cha makaroni kwanza ndipo akajibu, "Mdogo wangu, wakinipa nafasi, nikitoka mlangoni bila kujikwaa nitashukuru." Lakini jibu hilo lilikuwa dogo mno kwa basi lililojaa macho.

"Manne," alisema Junia. "Mabao manne. Ameniambia mwenyewe, mezani kwetu."

"Acha!"

"Haya, usiamini."

Basi likavuta pumzi. Junia akajisikia mrefu kuliko mnara wa kanisa.

Mama yake Cody ana saluni. Habari iliyoingia saluni saa tisa alasiri ilitoka saa kumi imeshapambwa. Jumatano asubuhi, Buddy Gentry wa redio ya mji alipaza sauti, "Ndugu zangu Korongo, kijana kaahidi! Manne! Si mimi, ni yeye!" Jumatano jioni gazeti liliandika hivyo hivyo kwa herufi kubwa. Kufikia Alhamisi, kila kioo cha duka kilikuwa kimechorwa namba nne kwa rangi ya kijani, na mwoka mikate akatengeneza donati zenye umbo hilo, zikaisha kabla ya saa tatu.

Mwanzoni Junia alipita mitaani kifua mbele. Alhamisi mchana kifua kikarudi mahali pake, kwani darasani kulizunguka picha kwenye simu. Ilitoka chumba cha kubadilishia nguo cha Harlow, wapinzani wa Jumamosi. Katika mchezo huu kila timu ina ubao karibu na mlango, na majigambo yoyote ya mpinzani hubandikwa hapo ili wachezaji wayasome wakifunga viatu, damu iwachemke. Ukurasa wa gazeti letu ulikuwa umebandikwa katikati. Chini yake mtu ameandika kwa wino mwekundu: *Tumlaze mara nne.*

"Safi sana!" Cody alisema. "Wamekasirika!"

Junia aliyarudisha makaroni ya shuleni bila kuyagusa.

Jioni hiyo mama yake, Darlene, alirudi kutoka kazini. Darlene ni msimamizi wa chumba cha kufulia nguo za timu, na mtu anayefua jezi za watu mia hujua mengi. Alipakua maharage na mkate wa mahindi, akaketi.

"Kocha amemwita Thad mbele ya wenzake leo," alisema. "Akamwuliza, 'Wewe ulisema manne?' Maskini kijana akatazama viatu. Akajibu, 'Kocha, kama nilisema, nilikosa.' Wamekimbizwa mizunguko kumi, timu nzima."

"Hakusema," alisema Junia.

"Umejuaje?"

Junia alikizungusha kijiko kwenye maharage mara mbili, mara tatu. "Kwa sababu niliyasema mimi, Mama."

Darlene alisukuma sahani pembeni. Kisha akasimama. "Vaa viatu. Na ufunge kamba zote mbili."

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika uwanja wa mazoezi. Thad alikaa peke yake kwenye ngazi, barafu begani. Darlene alibaki nyuma, mikono kifuani. Ilikuwa wazi kwamba hatamsemea mtu.

"Kaka Thad," Junia alianza. "Yale mabao manne ni yangu. Niliyatunga kwenye basi."

Thad alicheka mpaka barafu ikaanguka. "Nilijua! Nyumba ninayokula Jumapili ni moja tu."

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Ningemwambia nini Kocha? Kwamba nimeponzwa na mtoto wa darasa la saba?"

Junia alitaka kucheka naye, lakini Thad alikwisha kunyamaza. Alinyoosha mikono yake mbele, ile mikono inayoweza kurusha mpira nusu ya uwanja ukatua kama ndege kwenye tawi. Ilikuwa ikitetemeka.

"Unaona? Tangu jana," alisema polepole. "Nilikwenda kununua dawa ya meno, mwenye duka akakataa kupokea pesa. Akasema nimletee manne Jumamosi. Bibi mmoja kanishika mkono, akalia. Alilia, Junia! Na mimi sijacheza hata dakika moja. Nikitazama uwanja sioni tena wenzangu wako wapi. Naona namba tu."

Kila mara Junia alipomtazama Thad alikuwa akimtazama kwenda juu, kama mtu anayetazama paa. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu mkubwa hivyo anaweza kuogopa, tena akaogopeshwa na neno lililotoka kwenye mdomo wake yeye, mdomo uliokuwa na mkate.

"Nifanye nini?" aliuliza.

Thad aliinua mabega. Darlene ndiye aliyesema kutoka nyuma. "Neno lako ulilitolea wapi?"

"Kwenye basi."

"Na sasa liko wapi?"

"Redioni," alijibu Junia, akajuta papo hapo kujua jibu.

Ijumaa saa moja asubuhi, Junia alisimama jikoni na simu mkononi.

"Uko hewani na Buddy Gentry! Nani mwenzangu?"

"Junia Tolliver, bwana. Kaka Thad hula kwetu Jumapili."

"Aa! Nyumba yenyewe! Ndugu zangu Korongo, ongezeni sauti! Haya, binti, atafunga manne au matano?"

"Hakusema manne, bwana." Akavuta pumzi. "Nilidanganya. Watoto walikuwa wakimcheka kwamba ni mshika karatasi, nami nikataka wanyamaze. Yeye alisema tu asingependa kujikwaa mlangoni. Naomba radhi kwake, kwa kocha, na kwa wote mliochora vioo."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Buddy Gentry alipunguza sauti, akasema, "Haya, binti." Ndipo simu nyingine ikaingia, sauti nzito kama tingatinga.

"Huyu ni Rusk. Binti, asante, umenisaidia kazi. Sasa nisikilizeni nyote. Huyu kijana kesho atakosea. Atarusha mpira mahali pasipo na mtu, mwingine atawarushia Harlow, na atalazwa chini. Ni mchezo wake wa kwanza. Mimi nataka afanye mambo mawili tu: autunze mpira, na ainuke kila akianguka. Mkitaka kupiga kelele, pigeni akiinuka. Mwisho."

Basi la siku hiyo lilikuwa refu kuliko yote. "Jamani, mpisheni Junia Manne!" Cody alipaza sauti, na jina hilo, niwaambie ukweli, lipo mpaka leo. Junia aliketi kitini pake. Masikio yalimwaka, lakini safari hii hakuhesabu nguzo za umeme.

Jumamosi saa nane mchana kila kiti cha uwanja kilikuwa na mtu. Bendi ya watu mia mbili iliingia, ngoma kubwa zikapigwa, na Junia akazisikia ndani ya mbavu kabla hazijafika masikioni. Watu elfu arobaini waliovaa kijani walisimama kwa pamoja, kama kilima kimeamua kuinuka. Kisha mlango wa chini ukafunguka, na kijana anayeosha sahani yake mwenyewe kila Jumapili akatoka mbio mbele ya wenzake, namba kumi na saba mgongoni. Hakujikwaa. Junia aligundua kwamba analia, na hakujua kwa nini.

Mengine yalikwenda kama Kocha alivyosema. Thad alilazwa mara tatu katika nusu ya kwanza. Kila alipolazwa, walinzi wa Harlow walimwonyesha vidole vinne usoni. Naye aliinuka, akajikung'uta majani, na uwanja mzima ukampigia makofi kwa kuinuka tu. Alirusha mmoja ukanyakuliwa na Harlow. Baadaye alirusha mwingine ukazaa bao. Moja. Zikabaki sekunde thelathini, pointi kumi kwa kumi, tatu za Korongo zikitokana na teke, nao wakiwa hatua ishirini na tano hivi kutoka ukanda wa mwisho.

Thad alipokea mpira. Mwenzake mmoja alikuwa ndani ya ukanda, walinzi wawili wamemganda kama shati lililolowa. "Rusha! Rusha!" uwanja ulinguruma. Jitu la Harlow lilikuwa hatua mbili nyuma yake. Thad alikimbia kuelekea kando, akainua mkono, na akaurusha mpira juu ya vichwa vya wote, mbali, nje ya mstari, kwenye majani ambako hapakuwa na mtu.

"Aaaah!" Watu walishika vichwa. "Kautupa!" Cody alilia kutoka safu ya nyuma.

Lakini Darlene alikuwa amesimama, akipiga makofi peke yake. "Mpira ukitoka nje hubaki wetu, palepale tulipokuwa. Angelazwa, tungekuwa mbali mno kwa teke," alimwambia Junia. "Angelazimisha, wangeunyakua. Kautunza."

Mpigaji wa mateke aliingia. Mpira ukapanda, ukapanda, ukapita katikati ya milingoti miwili. Pointi tatu. Kumi na tatu kwa kumi! Junia alipofungua macho alikuwa amekumbatiwa na mzee asiyemjua.

Baada ya mchezo walimsubiri Thad getini. Alitoka akichechemea, shavu limevimba, na watu wakamzunguka: "Lile bao, kijana! Lile bao!" Junia alijipenyeza.

"Mimi nimependa ule ulioutupa nje," alisema.

Thad alisimama. Aliinama mpaka uso wake ukalingana na wake. "Kama ningekuwa bado natafuta la pili, la tatu na la nne, ningemrushia yule," alisema. "Na wangeunyakua. Nilipoinua mkono, Junia, nilimwona kila mtu alipo. Sikuona namba."

Walirudi nyumbani kwa gari la Darlene, polepole, katikati ya msururu wa honi na bendera.

"Ulitaka kumpa sifa," alisema Darlene, "na sifa si jambo baya. Lakini sifa za uongo hazikumfanya awe mkubwa. Zilimpa kazi ambayo hakuiomba, na woga ambao hakuwa nao. Ukimpenda mtu, mwanangu, sema kwa sauti kubwa yale aliyoyafanya. Yale ambayo bado hajayafanya, mwachie mwenyewe, wewe mshangilie anapoinuka. Na ukikosea, fanya kama ulivyofanya jana: lifuate kosa lako mpaka lilipofika, hata kama ni mbali na linaaibisha."

"Ndiyo, Mama," alisema Junia.

"Vizuri. Sasa teremsha kioo upige kelele. Tumeshinda."

Na Junia akateremsha kioo.