Nyuma ya Shuka Jeupe

Kila asubuhi kabla ya shule Ntumba alikwenda kuchota maji kwenye robine ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi, huko Kolwezi, na kila asubuhi alichelewa kurudi. Kosa halikuwa la foleni. Njia ya robine ilipita mbele ya nyumba ya tata Kisimba, mzee aliyeonyesha sinema kambini, na Ntumba hakujua kupita pale bila kusimama.

“Jambo yenu, tata Kisimba! Filimu imefika?”

“Jambo, Ntumba. Jana nilikuambia nini?”

“Mulisema iko Tenke.”

“Basi na leo iko Tenke. Filimu haina miguu, inangojea treni.”

Ntumba alicheka, lakini Tenke ilimtia wasiwasi. Pale ndipo reli zinapogawanyika, na mwaka mmoja sanduku moja la filimu lilipakiwa kwenye treni isiyo yake. Watu wa Kolwezi wakatazama filimu iliyokosa sehemu ya mwisho, wakarudi nyumbani wakinung'unika. Kama sanduku lingepotea tena safari hii, Ntumba alijua angeugua kwa huzuni.

Filimu yenyewe ilikuwa sehemu ya pili ya Walinzi wa Jua la Mbali. Sehemu ya kwanza ilionyeshwa kambini wakati wa kiangazi kilichopita, na Ntumba, msichana wa miaka kumi na miwili, hakutulia tangu siku ile. Ndani yake kulikuwa na kapiteni mwanamke, Vorane, mwenye kovu kwenye shavu la kushoto, aliyerusha chombo chake kati ya nyota kama vile dereva anavyopeleka lori mgodini. Mwishoni wenzake walimwacha peke yake kwenye sayari ya mchanga, yeye na Piko, mtu wa chuma mfupi kama kinu. Piko naye alikuwa amezimika. Halafu, kabla tu ya picha kuisha, taa ya kifuani mwa Piko iliwaka mara moja. Basi. Watu walipiga kelele mpaka mbwa wa kambi wakaanza kubweka.

“Vorane amekufa,” alisema Mado, rafiki yake, walipokuwa wakienda shuleni. “Binamu yangu wa Lubumbashi aliona affiche, ile picha kubwa ya filimu ku ukuta. Sura ya Vorane haiko pale.”

“Hawezi kufa. Taa iliwaka. Mi niliona.”

“Na hata kama hakufa, filimu ya pili inakuwa sawa bukari, ugali ya jana. Unaipasha moto, lakini utamu haiko tena.”

“Utaona Jumamosi,” alijibu Ntumba. “Utakuja kuniomba pardon mbele ya batoto bote.”

Ntumba hakuwa mtu wa kushindwa maneno. Tena alikuwa na sababu yake ya kujivuna. Filimu zilisema Kifaransa, na watoto wadogo wa kambi hawakukijua. Kwa hiyo siku ya sinema walikaa chini wakimzunguka Ntumba, ndugu yake mdogo Muamba juu ya mapaja yake, naye akawageuzia maneno yote kwa Kiswahili, sauti ya Vorane kwa ukali na sauti ya Piko kupitia puani.

Sanduku lilifika Jumatano, likiwa zima. Siku ileile mama Numbi, muuguzi wa dispensaire, zahanati ya kambi, alipita darasani.

“Batoto, Apollo imeingia mu kambi,” alisema. Apollo ndilo jina ambalo watu wote waliupa ugonjwa wa macho mekundu. “Mutu mwenye macho mekundu anabaki kwao. Masomo hapana, soko hapana, sinema hapana. Inapita kwa mikono na kwa kitambaa. Munasikia?”

“Ndiyo, mama!” watoto walijibu, na sauti ya Ntumba ilikuwa kubwa kuliko zote.

Ijumaa aliamka na kope zimeshikamana. Alizifungua kwa maji, akajitazama kwenye kioo cha baba yake. Jicho la kulia lilikuwa jekundu na lilitoa machozi bila kuombwa. Akajifuta kwa taulo la nyumbani, akavaa kofia ya baba na kuishusha mpaka kwenye nyusi.

“Macho yako iko na nini?” mama yake aliuliza.

“Ni vumbi tu, mama.”

Kiangazi hakikosi vumbi Kolwezi, na mama alikuwa na haraka ya kwenda sokoni. Ntumba akapita. Darasani pia alipita, kwa kukaa nyuma na kuinamisha kichwa juu ya daftari kama mwanafunzi mwenye bidii kupita wote. Kesho tu, alijiambia. Nione filimu, halafu nitasema.

Baada ya shule alikwenda moja kwa moja kwa tata Kisimba. Mzee alikuwa ametoa mashine yake nje, anaisafisha. Alimpa Ntumba kipande cha filimu akiinue kwenye mwanga, na pale, katika picha ndogo kuliko ukucha, Ntumba aliona mchanga, na juu ya mchanga nyayo.

“Tata! Nyayo! Ni ya Vorane?”

“Mi nitajua wapi? Ngoja kesho.”

Kisimba aliingia ndani kutafuta mafuta ya mashine. Jicho la Ntumba lilikuwa likiwasha vibaya. Juu ya mashine kulikuwa na kitambaa laini, cheupe, ambacho mzee alifutia kioo cha mashine na miwani yake. Ntumba alikichukua, akafuta jicho vizuri, akakirudisha. Aliporudi mzee, msichana alikuwa tayari akiaga kwa furaha. Nyayo! Alitembea njia nzima akiziwaza.

Nyumbani alimkuta Muamba amekaa kizingitini akilia, macho yake yote mawili yamevimba.

“Amejifuta na taulo yetu asubuhi,” alisema mama. Alimtazama Ntumba, akanyoosha mkono, akainua ile kofia. “Na wewe! Vumbi, eh? Vumbi gani inaingia mu macho ya mutoto aliye ndani ya nyumba?”

Ntumba aliona haya, haya ya kweli, kwa sababu Muamba alimnyooshea mikono ili abebwe, wala hakujua kwamba ni dada yake aliyempa maumivu. Ndipo akakumbuka kitambaa.

Tata Kisimba alikuwa mtu mmoja tu kambini aliyejua kuongoza mashine ile. Yeye ndiye aliyekaza macho jioni nzima ili picha isififie. Akishikwa na Apollo, nani angeonyesha filimu? Si kesho tu, bali wiki zote zilizobaki za kiangazi. Na kama angekwenda kumwambia, sinema yake yeye Ntumba ingekwisha hapohapo. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Ntumba alikuwa ameanza kuumbuka tayari, tena kwa macho ya ndugu yake.

Alikimbia.

Kisimba alikuwa amevua miwani yake, na kitambaa kilikuwa mkononi.

“Tata, muache! Muache ile kitambaa!” Ntumba alisimama mbali, akihema. “Mi niko na Apollo. Nilijifuta nayo wakati mulikuwa ndani. Asubuhi nilidanganya mama, nikadanganya mwalimu. Muamba ameshikwa juu yangu. Munisamehe, tata.”

Mzee alikiangusha kitambaa ndani ya sufuria ya maji yaliyokuwa jikoni yakichemka, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaosha na miwani.

“Umenigusia macho yangu, mutoto,” alisema mwishowe. “Hii ndiyo kazi yangu, haiko ingine. Twende kwa mama Numbi, na Muamba naye.”

Mama Numbi aliwatia dawa Ntumba na Muamba, akayatazama macho ya mzee kwa muda mrefu, akasema bado ni meupe. Kisha akamgeukia Ntumba.

“Umesema kweli, ni muzuri. Lakini kweli haiponyeshe macho. Kesho hauendi kukaa katikati ya batu bengine.”

Ntumba alilia, na machozi yale yalichoma kuliko ugonjwa wenyewe. Hakubisha. Tata Kisimba, aliyekuwa mlangoni, alikuna kichwa.

“Mama Numbi,” alisema, “na kama batoto wenye Apollo hawakai katikati?”

Jumamosi asubuhi, watu walipomaliza salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja, na uwanja wa mpira ukiwa umefagiwa, wanaume walianza kuchimba mashimo ya nguzo za kutundikia shuka jeupe la sinema. Siku zote nguzo zilisimamishwa karibu na ukuta wa shule. Safari hii Kisimba aliwaamuru wachimbe katikati ya uwanja.

“Umezeeka, tata?” mmoja alimtania. “Nani atakaa nyuma ya shuka?”

“Shuka iko na uso mbili,” alijibu Kisimba. “Chimba tu.”

Jioni kambi yote ilikaa mbele. Nyuma, mbali, walikaa watoto wenye Apollo, kila mmoja kwenye mkeka wake na kitambaa chake, mama Numbi akiwalinda na fimbo ndefu kuliko hasira yake. Mwanga ukapiga shuka, ukapenya, na Ntumba akaona maandiko yanatoka upande wa kulia kwenda wa kushoto.

“Ntumba,” Muamba aliita kutoka mkeka wake, “maandiko ile imelewa?”

“Hapana. Sisi ndiyo tuko nyuma.”

Mchanga ukaonekana. Nyayo. Taa ndogo ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Halafu mwanamke mmoja alinyanyuka kutoka mchangani, akajifuta uso, na kovu lake, lililokuwa shavu la kushoto mwaka jana, safari hii lilikuwa shavu la kulia.

“Ni yeye!” Ntumba aliruka juu. “Vorane ni muzima!”

Vorane alisema kitu kwa Kifaransa, na Ntumba akaanza kukigeuza, kwa ukali, kama zamani. Upande wa mbele watoto wadogo walikuwa wameanza kuhangaika, maana walikosa mtu wa kuwaelezea.

“Ntumba!” wakaita kupitia shuka. “Sema kwa nguvu!”

Akasema kwa nguvu. Uwanja wote ukasikia.

Mashine iliposimama ili Kisimba abadilishe bobine, gurudumu la filimu, Ntumba alipaza sauti: “Mado! Bukari ya jana iko namna gani?”

“Tamu!” Mado alijibu kutoka upande wa pili. “Pardon!”

Watu walicheka pande zote mbili. Mama Numbi alisogea karibu na mkeka wa Ntumba, akachutama.

“Jana ungenyamaza,” alisema polepole, “ungekaa kule mbele leo, na batoto wale bote karibu yako. Kesho wangeamka na macho imefungwa, na tata Kisimba pia. Macho ni yako, Ntumba. Lakini magonjwa yake ni ya kila mutu unamugusa. Ndiyo maana mutu anasema mapema, hata kama inauma.”

“Ndiyo, mama,” alisema Ntumba, na safari hii hakusema kwa sauti kubwa.

Ng'ambo ya shuka tata Kisimba alifuta kioo kwa kitambaa kipya, akakaza macho yake mazima, na picha ikarudi, safi kabisa, kwa watu wa mbele na wa nyuma.