Farasi Aliyebebeshwa Uzee

Kataa kuamini, ruhusa ninakupa. Tena wewe uliyemaliza madarasa yote, kataa kwa sauti kubwa watu wakusikie. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Mwalimu akabaki na kiboko chake, nami nikabaki na akili zangu. Ila tukifika katikati ukaanza kugeuka kutazama nani kasimama nyuma yako, usinishike shati.

Haya yalimpata mjomba wangu, Nuwagaba wa Nyaishozi, mwaka thelathini na sita na miaka iliyofuata. Enzi hizo yeye ndiye aliyekuwa jicho la wafugaji wote wa upande ule. Ng'ombe akipotea hadi Rugera, watu hawakuhangaika na nyayo, walimfuata Nuwagaba. Akimwona ndama mara moja tu, hata baada ya miaka mitano angemtoa katikati ya ng'ombe wa watu: "Huyu hapa, bihogo, wekundu uliokoza, doa jeupe nyuma ya kiwiko cha kushoto." Kesi za wizi zilikwisha kwa neno lake moja. Mifugo hakuwa nayo mingi. Alichokuwa nacho ni jicho hilo, na jina alilolipata kwalo.

Asubuhi moja tulivu, watu wakianika maharage, akapita mzungu mpima ardhi na farasi wawili. Alikuwa na safari ndefu, akawaacha kwa Nuwagaba hadi atakaporudi. Jike alikuwa na rangi ya nyasi za kiangazi, mstari mweusi umemshuka uti wa mgongo mpaka mkiani, na miguuni pete nyeusi kama bangili. Mtoto wake, dume, alikuwa mweusi kama chungu cha mekoni.

"Huyu," Nuwagaba alijigamba, "nitamtambua hata ahera."

Aliyemlea yule mtoto ni jirani, mjane Dafroza, bibi wa mvi kichwa kizima aliyetembelea mkongojo. Kila asubuhi alimlambisha chumvi kiganjani, akamsugua uso kwa majani makavu ya mgomba, akimwita mjukuu.

Mwaka wa pili, nywele nyeupe zikamzunguka farasi macho. Watoto wakacheka: kavaa miwani! Kisha uso wote ukawa na mvi. Kisha shingo. Mwaka wa tatu mwili mzima ulikuwa umemwagiwa majivu.

Na mwaka huohuo, Dafroza akaacha mkongojo.

Minong'ono ikaanza kisimani.

"Umemwona bibi? Anatembea kama msichana."

"Na uzee wake kauweka wapi?"

"Muulize farasi."

Jumapili moja, baada ya ibada, Rwegoshora, mkubwa wa ukoo, aliwakusanya watu zizini. Jua lilikuwa la utosini. Dafroza alisimamishwa kando ya farasi, akiwa bado na kanga ya kanisani.

"Nuwagaba," Rwegoshora aliuliza, "wewe ndiye mjuzi. Mnyama hubadilika ngozi?"

Watu wote walimtazama. Mjomba alimtazama farasi.

"Ng'ombe huzaliwa bihogo, hufa bihogo," alisema. "Ngozi haibadiliki yenyewe."

Ikatosha. Wanaume saba wakashika fimbo, wakampiga bibi, kila mmoja fimbo moja, mbavuni. Nuwagaba hakushika. Bibi hakulia. Alipoambiwa aondoke asionekane tena, alipita karibu na mjomba, akanong'ona:

"Mwanangu, wewe unajua ngozi. Itazame vizuri."

Siku ya tatu wachungaji walimkuta bondeni kwenye mafunjo. Alikuwa amekaa, kama anayepumzika. Kiganja kiko wazi. Ndani yake chumvi.

Farasi akaendelea kuwa mweupe. Mwishowe alikuwa mweupe kama maziwa. Kijiji kikaanza kukwepa kutazamana. Kama uzee ulikuwa wa bibi, na bibi kafa, huu mwingine ulikuwa wa nani?

Asubuhi moja Nuwagaba alikuwa akimsugua. Akaona uchafu ubavuni. Akasugua. Haukutoka. Akaleta maji. Haukutoka. Zilikuwa nywele. Nywele nyeusi, zimeota katika weupe, mstari mmoja wa urefu wa mkono.

Siku ya pili, miwili.

Aliacha kula. Kila kukicha alikwenda zizini, akahesabu, akarudi ndani bila kumsalimu mtu. Minne. Mitano. Hadi saba.

Ndipo akaja Gharib, mwenye duka Omurushaka, mtu ambaye babu zake wa pwani walifuga farasi. Alimzunguka yule mweupe, akampapasa pua.

"Kuwa kwake mweupe si uchawi," alisema. "Baba yake alikuwa wa kijivu. Mtoto wa kijivu huzaliwa na rangi nyingine, mweusi au mwekundu, kisha mvi humpanda mwaka hadi mwaka. Huanzia machoni. Pua hubaki nyeusi, na ngozi chini ya manyoya hubaki nyeusi vilevile. Ni damu tu, Bwana Ng'ombe. Hakuna aliyempa."

"Na mistari hii?" mjomba aliuliza. "Mama yake ana mistari. Si ndiyo hii?"

Gharib alimwendea jike, akamtazama mgongoni, akamtazama miguuni. Akarudi. Akaweka kidole ubavuni kwa mweupe, akakiondoa haraka.

"Ya mama hukaa uti wa mgongo na miguuni. Mtoto huzaliwa nayo. Hii iko mbavuni." Akashusha sauti. "Na wa kijivu akishakuwa mweupe harudi nyuma. Mimi hii siijui. Usinipe hata kamba yake niishike."

Aliondoka bila kunywa maji.

Kesho yake ukaota wa nane. Huu haukuwa mbavuni. Ulikatiza shavu la farasi ukaishia pembeni mwa mdomo. Watu walihesabu fimbo upya, wakawataja waliopiga kwa majina, kidole kwa kidole. Saba. Hakuna aliyejua wa nane ni wa nani. Farasi alikufa kiangazi kile. Mjomba hakutaja tena rangi ya mnyama yeyote. Ukimuuliza, alifunika mdomo kwa kiganja.

Hapa ndipo huwa ninanyanyuka, nakung'uta suruali, nawaacha mkitetemeka. Leo sinyanyuki. Kuna maneno ya Gharib niliyakata. Siku ile zizini hakuanza na damu ya baba. Alianza hivi: "Nuwagaba, haya si nilikueleza dukani kwangu, mwezi mzima kabla hawajampiga yule bibi?"

Alikuwa amemweleza yote, macho, pua, kila kitu. Mjomba akarudi nyumbani kimya. Angesemaje? Kwamba muuza chumvi kamfundisha ngozi, yeye Nuwagaba? Ukoo wetu tuna vichwa vikubwa, mnanijua. Rwegoshora alipouliza, jibu alikuwa nalo mdomoni.

Akalimeza, bibi akiwa amesimama palepale anamtazama.