Abiria Wasiosafiri

"Usa, Usa, Tengeru! Mama, hiyo ya Usa, bado mmoja! Injini imeshawaka!"

Injini ya kifodi kile, basi dogo la abiria, haikuwa imewaka. Dereva alikuwa chini ya mti wa jakaranda akinywa chai. Lakini sauti ya Uwesu ilikuwa na uwezo wa kuwasha chochote, na stendi nzima ya Arusha, pamoja na vumbi lake, honi zake na moshi wa mahindi ya kuchoma, ilikuwa chini yake. Alikuwa mpiga debe, kijana mrefu wa Ngarenaro mwenye fulana ya njano iliyopauka mabegani. Alirudi kinyumenyume akiita, akamvaa msichana aliyekuwa akifunga bango kwenye nguzo. Kadi zikamwagika chini.

"Kaka, huna macho?"

"Ninayo, dada, ila yalikuwa yanatazama mbele. Wewe umekuja kwa mlango wa nyuma."

Msichana aliinama kuokota. Gauni lake lilikuwa la kijani, mtandio mweupe, viatu vya kisigino vilivyokwisha kuwa rangi ya stendi. Uwesu akaokota kadi moja. Ilikuwa na picha ya twiga na maneno ya Kiingereza.

"Hii nini, mwaliko wa harusi?"

"Pasi. Mtalii ananunua kwetu, anapanda kifodi chochote wiki nzima. Kampuni inamalizana na wenye magari."

"Na sisi wenyeji?"

"Nyie mna miguu."

Alikuwa anatania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Enzi za basi la shirika, mfanyakazi wa kiwandani alikuwa na pasi yake ya mwezi, na mwanafunzi alipanda kwa sare yake bila kutukanwa. Shirika likafa, mabasi yakaota majani, na pasi zikazikwa pamoja nayo. Ukaja wakati wa ruksa, kila mtu na biashara yake. Watoto wa shule wakawa wanasukumwa mlangoni kama mbuzi, na pasi zikafufuka zikiwa na twiga, kwa wageni peke yao. Aliyezifufua ni Bwana Sumari, yule yule ambaye, akiwa kiongozi wa chama, alikuwa akitusimamisha juani kutuhubiria kujitegemea. Sasa alivaa tai na kunukia marashi ya Dubai, na msichana huyu, Twahira, ndiye aliyekuwa karani wake.

Uwesu hakuyawaza hayo. Aliwaza mtandio mweupe. Kesho yake akaanza kupiga simu ofisini kutoka duka la Najim, kwa namba ya kwenye kadi. Akipokea Bwana Sumari, Uwesu aliibana pua.

"Haloo! Mimi natoka Ujerumani, nataka pasi. Nipe binti wa pasi."

"Mjerumani huyu Kiswahili kakitoa wapi?" Bwana Sumari aliuliza, akimkabidhi Twahira mkono wa simu.

"Misheni," Twahira alijibu bila kupepesa.

"Laazizi, umekula?" Uwesu aliuliza.

"Bado, Mjerumani wangu. Na usipige kelele, hapa si stendi."

"Nimezoea. Moyoni mwangu kimebaki kiti kimoja tu, wahi."

"Vingine wamekaa kina nani?"

"Hapo umenibana! Vyote ni vitupu, wallahi. Ni wewe tu."

Mambo yakaenda hivyo kwa sambusa, vicheko na simu za Ujerumani, mpaka siku Twahira aliposhusha sauti akasema, "Mama kakubali. Jumapili lete washenga. Lakini anauliza, huyo kijana hana mke mahali?"

"Mke nimtoe wapi mimi?"

Na alisema kweli. Tatizo ni kwamba mke alikuwa naye kila siku, kuanzia asubuhi.

Abiria wa Arusha hapendi kupanda gari tupu. Anajua litakaa hapo mpaka jua litue. Kwa hiyo wapiga debe hulijaza wenyewe. Mmoja anafungua gazeti, mwingine anapakata kikapu, wa tatu anasinzia mdomo wazi. Akiingia abiria wa kweli, wa uongo mmoja anakumbuka kitu dukani, anashuka. Siri hii haitamkwi ndani ya gari hata kwa kisu. Uwesu alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alikaa kiti cha mbele na Evaresta, muuza ndizi, ambaye alimpakatisha mwanawe Anande na kumwegemea begani. Baba, mama na mtoto: nani atasema gari hilo haliondoki?

Wiki ile walipata na nyongeza. Bi Greta, mjane wa Denmaki, alikuwa na pasi ya twiga, na pasi ilisema gari lolote. Basi wakampandisha hili, wakamshusha, wakampandisha lile. Watu wakiona mzungu dirishani walikimbilia viti. Bi Greta alitabasamu siku nzima na hakufika popote.

Alhamisi Twahira alikuja stendi na kanzu mpya kwenye mfuko, ya Uwesu kuvaa Jumapili. Akamwona dirishani. Akamwona Evaresta begani kwake. Akamwona mtoto akimvuta sikio.

"Uwesu!"

Gari zima likageuka. Nyuma walikuwa wamekwisha kaa abiria wawili wa kweli, na Thomasi, dereva, alimkazia Uwesu jicho kwenye kioo.

"Huyu nani?"

"Huyu... ni mama Anande."

"Na Anande?"

Anande akacheka, akamtemea Uwesu maziwa kwenye fulana.

"Mnakwenda wapi?"

"Usa," Uwesu alisema. "Tunakwenda... Usa."

"Nendeni salama," alisema Twahira, akaondoka na kanzu yake.

Jioni Uwesu alipiga simu bila kubana pua.

"Twahira, mpenzi, nisikilize..."

"Kampuni haina pasi za familia," akajibiwa, na simu ikakatwa. Nyumbani kwa Twahira, mama yake alikuwa amekwisha ambiwa kwamba Jumapili hakuna wageni.

Jumamosi Bi Greta alikuja ofisini kurudisha pasi na kushukuru.

"Umeuona mlima?" Twahira aliuliza kwa adabu.

"Mlima? Hapana. Nimeona stendi. Nzuri sana! Jumanne mimi mama mkwe ya Uwesu. Jana mke."

"Mke?"

"Ndiyo. Evaresta kaenda hospitali na mtoto, Nkoaranga. Mimi nakaa pahali pake. Mtu akiingia, mimi nashuka, nanunua karanga."

Twahira akatafuta kiti. Bwana Sumari naye alikuwa amesikia, na macho yalimng'aa.

"Mgeni kuishi na wenyeji! Hiyo tutaiuza ghali zaidi!"

Twahira hakumngoja amalize. Alifika stendi mtandio ukiwa shingoni na mfuko wa kanzu mkononi. Uwesu alikuwa dirishani pale pale, Evaresta begani, gari limejaa hadi mlangoni.

"Nimeshajua si mkeo," alisema. "Lakini juzi ulikuwa na mdomo, ukachagua gari. Leo niambie mwenyewe, mbele ya hawa. Ukinyamaza, mama yangu hatakuona milele."

"Ukithubutu," Thomasi alisema polepole, "stendi hii huikanyagi tena."

Uwesu alimtazama Thomasi, akamtazama Twahira. Kisha akasimama, kichwa kikagonga paa, na ile sauti ikatoka.

"Jamani! Mimi siendi Usa! Sijawahi kwenda! Huyu si mke wangu, ni Evaresta wa ndizi. Yule wa gazeti haendi, tena hajui kusoma. Yule aliyelala hajalala!"

Aliyelala akafumbua macho. Mmoja akashuka, wa pili akafuata, wa kikapu, wa gazeti, Evaresta akimchukua Anande huku akicheka mpaka machozi. Ndani akabaki mzee mmoja tu, Mzee Lerionka, na shuka lake jekundu na fimbo.

"Shikamoo, mzee," Uwesu alisema.

"Marahaba ya nini! Tangu asubuhi nimekaa hapa nikiwaamkia watu, kumbe niko peke yangu?" Akainyosha ile fimbo yake mpaka kisogoni kwa Thomasi. "Washa."

Na kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe kifodi kile, Thomasi aliondoka stendi akiwa na abiria wa kweli tu, mmoja.

Vumbi likatulia. Uwesu alijipangusa fulana.

"Kazi imekwisha. Bado unawataka washenga?"

"Ni kina nani hao?"

"Najim wa dukani, ustadhi mmoja, na mjomba wangu wa Elerai."

Twahira alimwangalia kwa makini.

"Nao ni wa kweli, au umewapanga?"

Uwesu alihesabu kwa vidole vitatu, akakunja viwili.

"Mjomba ni wa kweli," alisema hatimaye.

"Basi mlete huyo huyo mmoja," alisema Twahira, akamtupia kanzu kifuani. "Na aje hata kama gari halijajaa."