Mtumishi wa Buluu wa Gamaliyya

Kabati lilikuwa limefungwa, kufuli lipo mahali pake, kioo hakina hata mkwaruzo, ila kisanamu hakipo.

Safinaz, mwongoza wageni, alitazama mara ya pili, akidhani macho yanamdanganya baada ya kutwa nzima kwenye jua la makaburi ya Saqqara. Juu ya kitambaa chekundu palibaki alama isiyo na vumbi, ndefu kama kiganja. Hapo ndipo aliposimama miaka yote mtumishi wa buluu, kisanamu cha aina ya vile vilivyozikwa pamoja na wakubwa wa zamani ili vikawalimie mashamba huko ahera. Chini ya kabati, kikapu cha chakula cha Ami Bakhit, mlinzi wa nyumba hii ya kale iliyo wazi kwa wageni, kilikuwa kimepinduka. Jibini imemwagika sakafuni na zeituni zimetawanyika hadi mlangoni. Mikate yake miwili ilikuwa juu ya kizingiti cha dirisha, mmoja juu ya mwenzake.

Ilikuwa saa kumi jioni. Wageni wake wanne walikuwa wametembea nyumba nzima kwa nusu saa, kila mtu kivyake, huku yeye na Ami Bakhit wakipika chai uani. Safinaz alishuka ngazi, akafunga mlango wa barabarani, akamwita Kapteni Wagdi wa polisi wa utalii, ambaye kituo chake kiko mwanzo wa kichochoro, katika mtaa huu wa Gamaliyya, Kairo.

Wagdi si mtu mbaya. Ila ana haraka, na mtu mwenye haraka humshika aliye karibu.

"Funguo ziko wapi?" alimuuliza Bakhit.

"Shingoni kwangu, afande. Hata kuoga naoga nazo."

"Kuna funguo nyingine?"

"Hakuna."

"Basi kabati limefunguliwa na malaika. Nani alipanda chumba cha juu?"

"Sikuangalia."

"Miaka arobaini unalinda nyumba hii, leo ndiyo hukuangalia?"

Bakhit alijitengeneza kilemba chake cheupe. Safinaz alishangaa. Mzee huyu alikuwa anajua hata paka gani kapita juu ya ukuta na ametoka nyumba ya nani.

"Nitakwambia mimi," Wagdi aliendelea. "Mwezi ujao nyumba inafungwa. Vitu vinakwenda ghala la serikali, wewe unarudi kwenu Aswan mikono mitupu. Ukaona uondoke na chako. Kisipopatikana kabla ya maghrib, unalala rumande, na mahakamani watakusomea mashtaka ya wizi wa mali ya kale. Unajua ni miaka mingapi?"

"Najua, afande."

 Safinaz alipoanza kazi ya kuongoza wageni, akiwa hajui hata kuwatuliza wanaogombania kiti cha mbele, ni Bakhit aliyemkalisha uani hapa akamlisha maharage ya ful na vitunguu, akamwambia wageni ni kama mbuzi, ukiwakimbiza watakimbia. Hakuwa tayari kumwona mzee wake akipandishwa gari la polisi, ila alipomwambia Wagdi kwamba walikuwa pamoja uani, afande alipunga mkono tu.

Mikoba ikakaguliwa. Mifuko ikageuzwa nje. Ragai, dereva wa basi, aliinua mikono mwenyewe.

"Afande, nikague na tumbo. Kuna sahani mbili za koshari humo, labda kisanamu kiko chini yake."

"Nyamaza, Ragai," alisema Safinaz.

"Nimenyamaza, bosi. Lakini kama ni mwizi, mimi namtaka yule Mswidi."

Hakuwa peke yake. Bwana Lindqvist tangu asubuhi alikuwa akimuuliza kila mtu kwa kunong'ona kama anamjua muuzaji wa vitu halisi, si vya kuiga. Kule jumba la makumbusho aliuliza bei ya jeneza. Wagdi alimkagua hadi ndani ya soksi, asipate kitu. Bwana na bibi harusi kutoka Brazili walikuwa juu ya paa, na simu yao ilionyesha picha moja baada ya nyingine, minara nyuma yao, saa imeandikwa chini. Alibaki Madam Sylvie wa Montreal, mjane wa miaka sabini na zaidi, mpole, aliyesema asubuhi kwamba hajawahi kufika Misri na hajui neno la Kiarabu. Alikuwa ameketi kwenye benchi, kikombe cha chai mkononi, akitabasamu kwa adabu kama mtu asiyeelewa kinachosemwa.

Safinaz alipanda tena juu, akamvuta Ragai.

"Niambie. Unaiba, una haraka, unaangusha kikapu cha mtu. Unaokota nini?"

"Mkate."

"Kwa nini mkate?"

"Maswali gani haya, dada? Niuache ukanyagwe? Ni neema ya Mungu. Nauokota, naubusu, nauweka juu."

"Na jibini?"

"Jibini aokote mwenyewe."

Safinaz alicheka, kisha akakumbuka chakula cha mchana kule Saqqara. Kipande cha mkate kilimdondoka Lindqvist, naye akakisukuma kwa kiatu chini ya meza. Ragai alikwenda kukiokota, uso umemkunjamana kama aliyetukaniwa mama.

Basi aliyeingia humu alilelewa hapa. Mkono wake uliokota mkate kabla kichwa hakijamkumbusha kwamba anaiba. Bakhit hakuwa yeye, kwani tangu wageni waingie alikuwa naye uani. Ragai alikuwa nje akibishana na mwenye mkokoteni kuhusu maegesho.

Na kufuli je? Alizunguka nyuma ya kabati, akabonyeza ubao mmoja mmoja. Wa tatu kutoka chini ulipanda juu bila kelele. Kabati hili lilikuwa la nyumba hii toka zamani, kabla halijawekewa kioo, na hata yeye hakujua siri yake.

Alishuka polepole. Akasimama mbele ya benchi, akasema kwa Kiarabu, bila kumtafsiria mtu:

"Afande, usimchukue Ami Bakhit. Moyo wake ni mbovu. Rumande hatafika asubuhi."

Kikombe cha Madam Sylvie kiligonga kisahani.

"Moyo wako umeanza lini?" aliuliza, kwa Kiarabu safi cha Kairo ya bibi zetu, kile ambacho siku hizi kimebaki kwa wazee tu. Hakuwa akimuuliza Safinaz, alimtazama Bakhit.

Wagdi aligeuka kumtazama yule mgeni.

"Hauumi," Bakhit alisema. "Huyu mtoto muongo."

"Samahani, Ami," Safinaz alisema. "Nilitaka asikie. Madam, kisanamu kiko wapi?"

Yule mama aliinuka, akaenda chini ya ngazi, akavuta tofali lililolegea karibu na sakafu. Mtumishi wa buluu alikuwa humo, amefungwa kwa kitambaa cha kichwa. Akamkabidhi Wagdi kwa mikono miwili.

"Mimi ni Sirvart, binti wa Hagop, yule fundi saa Mwarmenia. Nimezaliwa chumba kile cha juu. Tulipolazimika kuhama Misri nilikuwa na miaka tisa, na kila mtu aliruhusiwa sanduku moja. Baba alikificha hapa, akasema lazima mmoja wetu abaki nyumbani."

"Baba yangu, aliyelinda hapa kabla yangu, alikiona alipokuwa anapaka chokaa," Bakhit aliongeza. "Akakipeleka serikalini, na nyumba ilipofunguliwa kwa wageni kikarudishwa kabatini."

"Leo asubuhi kwenye basi nikasikia wanakipeleka ghalani, kwenye boksi, gizani. Nikashindwa. Sikutaka kukichukua, afande. Nilitaka kibaki."

"Na ukaacha mzee ashikwe?" aliuliza Wagdi.

"Nilidhani watamuuliza tu, wamwache. Niliogopa. Nilijua nikifungua mdomo kwa Kiarabu nitalia mbele za watu." Na kweli alikuwa analia.

Wagdi alikigeuza kisanamu, akajikuna kidevu. Alimtazama Bakhit, akamtazama mama, akavuta pumzi.

"Nitaandika kimekutwa ndani ya nyumba," alisema mwishowe. "Maana hakikutoka. Lakini ghalani kitakwenda, mama. Hilo siliwezi."

Sirvart aliitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia Bakhit.

"Ulinijua?"

"Uliposhuka kwenye basi. Unatembea kama mama yako, unaburuta mguu wa kushoto."

"Na ulikubali kulala jela?"

Bakhit aliangalia mikono yake. "Siku mnaondoka ulinidanganya mnakwenda Aleksandria, mtarudi Alhamisi. Nimekaa kwenye ngazi hiyo Alhamisi ngapi, Sirvart? Usiku mmoja wa rumande ni kitu gani?"

"Leo Jumanne," alisema Ragai, na Safinaz akamkanyaga mguu.

Sirvart aliketi kwenye ngazi, chini kabisa, akasogea upande ili pabaki nafasi. Bakhit alimpa Wagdi funguo amshikie, kisha akaenda kukaa.