Miguu Mifupi ya Mfaume

Kila asubuhi Mfaume alichota maji kisimani, akanywa uji, kisha akatimua mbio hadi shuleni Chang'ombe. Alizipenda mbio hizo, mpaka Mwalimu Kornelio alipotangaza kuwa atachagua wavulana wawili wa kukimbia yadi mia Siku ya Empaya, sikukuu ya Waingereza, mbele ya shule zote za mji. Mfaume aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Tangu hapo akaanza kuichukia miguu yake. Ilikuwa mifupi, na kila alipoitazama aliionea kinyaa.

"Albano akipiga hatua moja, mie napiga mbili," alimlalamikia dada yake Mwanaasha, akimsema mwenzake wa darasani mwenye miguu mirefu.

Basi siku ya majaribio akaja na werevu wake. Mjomba wake, fundi wa mashua kule Mtoni, husema chombo kikipakwa mafuta vizuri hukimbia. Mfaume akachota mafuta ya papa kwenye debe la mjomba, akajipaka kuanzia mapajani hadi vidoleni. Yalikuwa yameoza, mazito, rangi ya usaha. Alipofika uwanjani nzi walikuwa wameshamzunguka.

"Yarabi! Kitu gani kinanuka?" alipiga kelele Salumu, mmoja wa wakimbiaji, akaziba pua. Mwingine alikwenda kutapika ukutani.

Filimbi ikalia. Mfaume akajinyoosha kama Albano, akitupa mguu mbele kadiri awezavyo. Akawa wa mwisho. Albano alishinda, na nafasi ya kwanza ikawa yake.

"Pu!" Mwalimu Kornelio alikunja pua. "Mtoto una harufu ya mzoga! Kaoge, halafu urudi hapa."

Mfaume alijisugua kwa sabuni na mchanga. Aliporudi, mwalimu alimwonyesha nyayo zake kwenye ardhi iliyoloa mvua ya masika.

"Unaona kisigino kilivyochimba? Umetupa mguu mbele mno ya mwili, ukajipiga breki mwenyewe. Mwendo ni urefu wa hatua pamoja na upesi wa kubadilisha miguu. Mtu mrefu hupata hatua ndefu kwa urahisi, ila miguu yake huchelewa kurudi. Yako hurudi haraka. Ishushe karibu na mwili, sukuma ardhi nyuma kwa nguvu, na hatua itarefuka yenyewe."

"Nimeshachelewa, mwalimu?"

"Nafasi ya pili bado. Salumu kafika wa pili; Alhamisi ijayo ukimshinda, ni yako."

Wiki nzima Mfaume alifanya mazoezi kwenye matope ya Temeke, matope meusi yenye samadi na vyura waliokufa. Yaliruka hadi mdomoni, naye akayatema na kuanza upya. Mama yake alimkataza kuingia ndani kabla ya kunawa.

"Kinyaa gani hiki, mwanangu!" alisema.

Alhamisi ilipofika, Mfaume alianza vizuri, miguu ikienda kasi. Katikati ya njia Salumu, mrefu kama mlingoti, akamfikia. Mfaume alitamani sana kutupa mguu mbele. Akajizuia. Akaendelea na hatua zake, akiisukuma ardhi nyuma. Salumu kuona hampiti, akababaika, akajinyoosha kupita kiasi, kisigino kikateleza. Mfaume akafika kwanza.

"Aka! Nimeshindwa na kibushuti huyu!" Salumu alitema mate karibu na mguu wa Mfaume.

Mwalimu Kornelio alikunja uso.

"Futa mate hayo. Kitu cha kuchukiza hapa ni hicho, wala si miguu ya mwenzako."

Salumu akayafuta kwa unyayo wake, macho chini. Kisha mwalimu akawageukia wote.

"Urefu Salumu kapewa, hakuutolea jasho. Upesi Mfaume kautafuta kila siku, na amekwenda kuupata matopeni. Lakini wewe nawe, Mfaume, uliidharau miguu yako kabla hujaijaribu. Utaifundishaje kazi miguu unayoionea kinyaa? Mwili wako ndio ulio nao. Ujue, uutunze, uufanyishe kazi."

"Ndiyo, mwalimu," Mfaume alijibu. Kisha, akiwa wa pili kuchaguliwa, akasimama mstarini kando ya Albano, akimfika begani, na wala hakujinyoosha.