Hodi Nyuma ya Trela

Rafiki yangu, fundi saa, ni mtu wa mizaha, lakini hili hakulisimulia akicheka.

Alikuwa na mkewe wakizunguka miji midogo ya bara, gari lao likivuta trela la kulala. Kwa kuwa dereva haoni kilicho nyuma ya trela, walikuwa na mtindo wao: akirudisha nyuma, mke husimama kule na kuligonga kama anayebisha hodi. Mara moja, rudi. Mara mbili, simama.

Jioni moja walielekezwa kupiga kambi nyuma ya kiwanda kilichofungwa. Wingu lilikuwa zito, giza likaingia kabla ya saa yake. Mke akashuka. Fundi akasubiri, mkono kwenye gia.

Ngo!

Akarudi kidogo.

Ngo!

Akarudi tena, kwa mwendo wa kinyonga. Mara mkewe akatokea mbele ya gari, mkate kwapani, mbio.

"Simama, baba watoto! Nani anakuongoza? Mimi ndio kwanza natoka dukani!"

Akakanyaga breki. Wakamulika tochi nyuma. Hapakuwa na mtu. Magurudumu yalibakiza shubiri moja kufika ukingo wa machimbo, na kitako cha trela kilikuwa kimeshaning'inia hewani. Fundi alitupa jiwe, hawakulisikia likitua.

Wakajifungia garini. Kabla fundi hajatia gia, kule nyuma ya trela, pasipokuwa na ardhi ya kukanyaga, ikasikika hodi.

Mara moja.