Msomaji wa Nyuma ya Kabati

Ukurasa wa arobaini wa kitabu cha mafundi ulisema kihisio cha mfumo wa kupulizia petroli kinataka volti kumi na mbili. Haroun alikuwa ameandika tano, iliyo sahihi, kisha tano ikakatwa. Chini yake palikuwa na baya zaidi: fundi aliambiwa afungue bomba kwanza, ndipo aondoe presha. Fundi wa watu angerukiwa na petroli usoni, injini ikiwa ya moto. Na mwandiko wa marekebisho yote ulikuwa wake Haroun.

Alikuwa amesomea umakanika Polandi, na mwaka huo, 1998, kampuni moja ya vipuri ya huko Guangzhou, China, alikoishi, ilimpa vitabu vyake avitie katika Kipolandi. Binamu yake Abass, kijana wa Unguja, alikaa nyuma ya kabati la mafaili akisoma asili ya Kiingereza kwa sauti. Haroun alifuatisha Kipolandi kwa kidole, akisahihisha panapopishana, na kila mstari aliitikia, "Naam."

"Abass, nani anakulipa uniharibie kazi?"

"Kaka, unasema nini?"

"Jumatatu mchana ulinisomea kumi na mbili. Nikakuamini, nikaibadili tano yangu."

"Jumatatu ulinituma bandarini Huangpu na karatasi za kontena. Sikurudi mpaka usiku." Abass akashusha sauti. "Kaka, huyo aliyekusomea ulimwona?"

Hakumwona. Kazini hawaonani, kabati liko kati; aliposikia sauti alidhani Abass amekwisha kurudi. Lakini hasira zilikwisha kumpanda, na moyoni alimwona binamu yake nyoka aliyemlisha mwenyewe.

"Na hii harufu ya petroli kila mchana, huku ghorofa ya saba, inatoka wapi?" Abass alinong'ona.

"Usinitafutie majini! Funga mizigo, kesho unarudi kwenu."

Abass akateremka chumbani kwake, ghorofa ya tatu, machozi yakimlengalenga.

Haikupita saa, akaingia Maulid, wakala wa bandarini, na kofia mkononi.

"Laoban, bosi mkubwa! Kofia ya mdogo wako hii. Jumatatu tulipanga naye makasha toka adhuhuri mpaka magharibi, akaisahau."

Maulid alipoondoka harufu ya petroli ikaja, nzito, ikitokea nyuma ya kabati ambako hapakuwa na mtu, na Haroun akakumbuka kwamba Jumatatu sauti ile haikukohoa, haikuomba maji, haikugeuza hata karatasi moja, ilisoma tu, na yeye, aliyefunzwa tangu chuo cha Kurani asiitikie sauti ya asiyemwona, aliiitikia naam, naam, mstari kwa mstari, kurasa ishirini nzima.

Aliteremka ngazi mbiombio. Woga alikuwa nao, lakini aibu ilimchoma zaidi.

"Abass, nifungulie. Nimekudhulumu, mdogo wangu. Nisamehe, usiende."

Abass akasogea mlangoni, asifungue.

"Nitajuaje kuwa ni wewe?"

"Ni mimi Haroun, mtoto wa Bimkubwa!"

"Basi tusome Ayatul Kursi pamoja. Jini hawezi kuimaliza; ukimaliza nami, nafungua."

Abass akaanza, sauti ikimtetemeka. Haroun aliijua aya hiyo tangu ana miaka sita. Alifumbua kinywa aifuate, kikamtoka Kipolandi: volti, presha, bomba, kwa sauti tulivu ya mtu anayesoma kitabu, na kila alipojaribu kunyamaza ilipanda.

Akamsikia Abass akisukuma kitanda mlangoni.